Wasifu wa Mzee Lebo, Aliyechagua Kulala Mbali na Mizizi

Wengi wenu mtauliza, na wengine mmeshauliza tangu kaburi lilipoanza kuchimbwa, kwa nini marehemu anazikwa huku chini karibu na uzio, ilhali binti yake amelala pale juu chini ya mti, na kando yake ipo nafasi ya kutosha. Jibu lake ni refu. Dada yake mdogo, fundi cherehani, ambaye familia imempa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma, anaomba mumvumilie, kwa sababu jibu hilo ndilo maisha ya marehemu yenyewe. Anaomba pia asitokee mtu wa kuegemea mti ule, wala kutundika mkoba kwenye tawi lake.

Marehemu alizaliwa Jumapili ya tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa akichomelea vyuma katika karakana hiyo, na mama alifua nguo za watu. Akiwa na miaka mitano alipanda maharage sita kwenye sufuria kuukuu, na kila asubuhi akawa anayafukua aone kama yameota. Yalioza yote. Mama alimkuta amekaa kando ya sufuria analia, akamwambia, “We mtoto, mbegu haipendi kuchunguliwa. Mwagilia maji, uende zako.” Alisusa chakula cha mchana siku ile, lakini neno hilo hakulisahau mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1960 hadi Novemba 1967. Hesabu zilimpiga chenga, na hapa hatutamsingizia sifa asizokuwa nazo. Kipaji chake kilikuwa mwandiko. Mwalimu wa sayansi alimpa kazi ya kuandika majina ya chupa zote za kabatini, naye alipomaliza chupa hakuona sababu ya kuacha: akabandika karatasi kwenye dirisha, kwenye meza ya mwalimu, na kwenye fimbo ya mwalimu akaandika “Fimbo”. Mwalimu alicheka sana, halafu akaitumia. Siku ile ndipo wenzake walipomwita Lebo, na jina likamganda. Baba hakuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari, hivyo akakaa nyumbani mwaka mmoja na nusu akimsaidia mama kubeba mabeseni ya nguo.

Tarehe 2 Juni 1969, akiwa na miaka kumi na saba, aliajiriwa kwenye bustani ya mimea kubeba maji kutoka tangini hadi kitaluni. Mwaka 1973 bustani ilimpeleka chuo cha kilimo, akarudi baada ya miaka miwili na cheti, na mwaka 1978 akawa mkuu wa kitalu. Watu wengi wa mji huu, akiwemo dada yake, waliijua bustani ile kuwa ni mahali pa kupigia picha za harusi. Jambo hilo lilimkera. “Ile si bustani ya maua, ile ni wodi,” alikuwa akisema, na ukimpa nafasi atakueleza mpaka chai ipoe. Msitu ukikatwa, ipo miti isiyo na kwingine kwa kwenda. Watu wa bustani hutangulia kabla ya misumeno, huokota mbegu, huziotesha, hutunza miche, kisha huigawa kwa bustani nyingine, ili moto au ugonjwa ukimaliza iliyo hapa, ibaki ya kule. Mbegu nyingi hukubali kukaushwa na kuwekwa kwenye baridi, zikasubiri miaka. Zipo zisizokubali. Mti mmoja wa aina hiyo wafanyakazi waliuita mkaidi mwekundu, kwa kuwa mbegu yake ukiikausha umeiua, na hakuna namna ya kuuhifadhi mti huo ila kuupanda na kuulea ukiwa hai, mwaka baada ya mwaka. Unaye ndugu yake, mkaidi mweupe, ambao umejaa kila mahali na watu huukata nguzo za uzio. Majani ni yale yale na gome ni lile lile. Tofauti yao huonekana siku ya kuchanua, na mkaidi waweza kukaa zaidi ya miaka ishirini ndipo uchanue.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1976 na karani wa posta, ambaye leo ni mjane wake. Walijuana dirishani. Marehemu alikuwa akipeleka vifurushi vya mbegu kwa bustani za mbali, na karani aliupenda mwandiko wake kabla ya kumpenda mwenyewe. Siku moja akamuuliza, “Hivi humu ndani mna nini?” Akajibiwa kuwa ni mbegu. “Zimekufa?” “Hazijafa, zimelala.” Karani akagonga muhuri polepole kuliko kawaida. Ndoa yao ilikuwa na utani mwingi. Nyumba nzima ilijaa lebo: kopo la sukari lilikuwa na tarehe ya kufunguliwa, viatu vya watoto vilikuwa na kushoto na kulia, na pasi ya dada yake aliyoiazima mara moja ilirudishwa ikiwa imeandikwa, “Ya dada. Inaunguza.” Walijaliwa watoto watatu: binti mkubwa, ambaye ni muuguzi, kijana wa kiume, ambaye ni fundi wa magari, na kitinda mimba, binti aliyeitwa na kila mtu Mche.

Sasa tunafika penyewe. Familia ilikaa kujadili kama sehemu hii isomwe mbele za watu. Wengine walisema marehemu hasemwi. Mjane akasema, “Isomwe yote. Yeye mwenyewe aliisema.” Basi itasomwa.

Mwezi Novemba 1984 marehemu na wenzake watatu walirudi kutoka msitu wa mwisho uliokuwa na mikaidi myekundu, wakiwa na mbegu zilizofungwa kwenye matambara mabichi. Miezi minne baadaye msitu ule ukawa machimbo ya kokoto. Mbegu ziliota vizuri. Kando yake waliotesha pia mkaidi mweupe, ili mikono ijifunze kwa mti wa kawaida kabla ya kugusa ule wa thamani. Kwa hiyo palikuwa na trei mbili kitaluni, moja upande wa mlango na nyingine upande wa ukuta, na kila trei ina lebo yake. Lebo zile ziliandikwa kwa wino, na wino ulikuwa umefifia kwa kumwagiliwa maji.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 15 Agosti 1985, marehemu alizing’oa lebo zote mbili ili aziandike upya. Alikuwa nazo mkononi pale tarishi wa ofisini alipokuja mbio akipiga kelele, “Lebo! Lebo! Simu! Mkeo kapelekwa wodi ya wazazi!” Marehemu akazitia lebo mfukoni mwa shati, akatoka mbio. Mche alizaliwa saa nane mchana. Kesho yake baba mtu alirudi kazini hajalala, ana furaha ya kuimba, akaandika lebo mbili mpya kwa mwandiko wake mzuri, akazichomeka: nyekundu upande wa mlango, nyeupe upande wa ukuta, kama zilivyokuwa. Hakujua kwamba jana ile, mwenzake wa zamu ya maji, kwa nia njema kabisa, aliona jua limeichoma trei ya mlangoni akaihamishia ukutani, na ile ya ukutani akaileta mlangoni. Marehemu hakuwahi kumtaja mwenzake huyo kwa jina, hata nyumbani. Alisema kosa ni la aliyezing’oa mbili kwa pamoja, na kwamba lingehitaji sekunde kumi tu kuliepuka.

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda kinyume na hakuna aliyejua. Miche iliyoitwa myekundu ilipandwa mahali pa heshima, ikazungushiwa uzio na kibao kikubwa, na mingine ikapelekwa kwa bustani saba. Miche iliyoitwa myeupe, thelathini na mmoja, iligawiwa mwaka 1986 kwa wafanyakazi na majirani wapate kivuli. Mmoja wao marehemu aliuweka kwenye kopo la rangi, akauacha nyuma ya kitalu, kwa kuwa ulikuwa rika la binti yake. Mche akija kumtembelea baba kazini, alikuwa akiumwagilia kwa kikombe, na kupimana nao urefu. Mti ule ulikuwa umedumaa kwa kubanwa na kopo, hivyo kila mara mtoto alishinda.

Mche alifariki tarehe 2 Mei 1991 kwa homa ya uti wa mgongo, baada ya kuugua siku tatu. Alikuwa na miaka mitano na miezi minane. Siku ya kwanza mama yake alidhani ni mafua, akamvika sweta akampeleka shule. Hilo mjane, wifi yake msomaji huyu, hajawahi kujisamehe, na wenye nia njema wamechoka kumwambia kwamba hakuna ambaye angejua. Marehemu alilipasua lile kopo la rangi kwa patasi na kuupanda mti pale kichwani mwa kaburi. Hapo ulipata nafasi, ukakua. Kila Jumamosi kwa miaka thelathini na mitatu wifi amekuja hapa na ndoo yake. Kuna maneno hakuyasema kwa binadamu yeyote, aliyasemea pale.

Tarehe 11 Oktoba 2009, Jumapili, marehemu alikuwa peke yake bustanini alipoona mti wa mahali pa heshima umechanua kwa mara ya kwanza. Wiki nzima watu walikuwa wakiangalia vitumba, na mkurugenzi alishaanza kuzungumza na waandishi wa habari. Marehemu akapanda ngazi. Ua lilikuwa jeupe. Alisema baadaye kwamba alikaa juu ya ngazi ile mpaka miguu ikafa ganzi, akiwaza trei mbili, mfuko wa shati, na mtoto aliyezaliwa saa nane mchana.

Na hapa ndipo alipokosea kwa makusudi, maana lile la kwanza lilikuwa bahati mbaya. Kila asubuhi aliwahi kabla ya wenzake, akapanda ngazi, akachuma kila ua lililofunguka, akayafukia kwenye shimo la mboji. Wakiuliza, anasema mti bado. Alifanya hivyo siku kumi na tisa. Alikonda. Wifi alidhani ana ugonjwa, akampeleka kupimwa. Waswahili husema mficha uchi hazai, na yeye aliliona hilo kwa macho yake, kwa kuwa kila siku aliyoficha ilikuwa siku moja imepotea ya kutafuta mkaidi wa kweli. Asubuhi ya tarehe 30 Oktoba aliingia ofisini kwa mkurugenzi na maua matatu meupe kwenye kiganja.

“Una hakika?” mkurugenzi aliuliza.

“Nina hakika. Na kosa ni langu.”

“Unajua tumepeleka mti huu bustani sita?”

“Saba,” marehemu alisema. “Moja tulipeleka mwaka 1993, wewe ulikuwa hujaja.”

Kibao kikang’olewa. Marehemu aliandika barua saba kwa mkono wake, kila moja ikieleza kosa bila kujitetea. Aliondolewa kitaluni baada ya miaka arobaini, akapelekwa getini kukata tiketi, na huko ndiko alikomalizia utumishi wake tarehe 31 Machi 2012. Dada yake alikasirika kwa niaba yake, akataka kwenda kuwasomea watu wa ofisini. Marehemu akamzuia. “Wamenipa kiti,” alisema. “Kitaluni nilikuwa nasimama.”

Alikuwa na orodha ya mwaka 1986 ya wote waliopewa miche ile thelathini na mmoja, na mtu mwingine asingekuwa nayo. Kila siku ya mapumziko, kwa muda wa miaka miwili, alikwenda nyumba moja baada ya nyingine. Wa kwanza ulikatwa nguzo ya antena. Mwingine uliliwa na mbuzi ukiwa na majani manne. Mwingine uko chini ya sakafu ya duka la mikate, na mwenye duka alimwonyesha kabisa mahali. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba wa kwake waliumwagia maji ya sabuni miaka mitatu, akaomba samahani, naye akamwambia usijali, mama, hukujua. Mkaidi mmoja mwekundu ulibaki kwenye bustani ya ng’ambo, mzee, wa mbegu za zamani kabla ya hizi. Nao ulikuwa peke yake, na mkaidi mmoja pekee huchanua bila kuzaa, mpaka upate unga wa ua la mwenzake. Alipita nyumba zote thelathini. Mstari wa thelathini na moja ulikuwa kwa mwandiko wake: “Mche. Kopo la rangi.” Aliujua tangu siku ya ngazi. Alizunguka mji wote akitafuta mwingine wowote ili asilazimike kuusoma mstari ule nyumbani.

Alimwambia mkewe jikoni, mwezi Novemba 2011. Binti mkubwa alikuwepo, na maneno haya tumeyapata kwake.

“Kwa hiyo ule wa mwanangu ndio wenyewe,” mama alisema.

“Ndio wenyewe. Wa bustani ile nyingine nao umebaki mmoja. Nikipata vijiti kumi na viwili, vya ncha tu, vikishika mizizi tutawapelekea, na wao watatuletea vyao. Mti hautaumia.”

“Hapana.”

“Mke wangu...”

“Mwanangu sikumkinga,” alisema. “Mti wake nitaukinga. Haukatwi hata jani.”

Hakumwomba tena. Miaka kumi na miwili na nusu hakumwomba. Mkurugenzi mwenyewe alikuja kumbembeleza. Wifi alimpa chai, akamsikiliza hadi mwisho, akamsindikiza mlangoni akimtakia safari njema. Wapo wasiomwelewa wifi, na msomaji huyu alikuwa mmoja wao, tena kwa sauti. Leo anamwomba radhi mbele yenu. Mkuu wa kitalu wa sasa, mwanamke ambaye marehemu alimfundisha kazi, alimwambia siku moja, “Mzee, si ukate tu? Mkasi unao, makaburini hakuna mlinzi. Nani atajua?” Marehemu akamjibu, “Niliwahi kufikiri hivyo siku kumi na tisa.”

Mwezi Februari 2014 mti wa Mche ulichanua. Wifi alipokuja na ndoo yake alikuta maua yametoka kwenye shina lenyewe, mekundu ya kuiva, akarudi nyumbani kumwita mumewe. Walikaa pale mpaka jioni, kila mmoja upande wake wa kaburi. Maua yalianguka baada ya siku nane bila kutoa tunda. Yamechanua na kuanguka hivyo kila mwaka tangu hapo, na marehemu kila mwaka aliyaokota, akayahesabu, akaandika.

Figo zake zilianza kushindwa kazi mwanzoni mwa 2022. Kuanzia tarehe 14 Februari mwaka huo alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, binti yake akimsindikiza. Hakuwa mgonjwa mzuri. Alibadilisha maandishi ya chupa zake za dawa kwa sababu mwandiko wa duka la dawa ulimchukiza, na aligombana na daktari kuhusu ua la plastiki lililokuwa mapokezi. Mwaka huu nguvu zilimwisha.

Jumatano ya tarehe 19 Juni alimwita mwanawe, akamkabidhi karatasi aliyochora ramani. Alikuwa amepima makaburi haya kwa hatua zake mwenyewe, zamani, akiwa bado anatembea. “Mkinichimbia kando ya Mche,” alimwambia, “mtakata mizizi ya upande mzima, na mti wa umri ule hautapona. Nipelekeni kwenye uzio. Ni hatua ishirini na mbili. Mizizi haijafika kule.”

“Lakini baba, pale ni pako. Tulishasema.”

“Najua tulisema. Mama yako anautaka mti ule. Mwachieni.”

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya dawa, akayasikia yote. Aliweka sinia mezani, akarudi jikoni.

Jumamosi, tarehe 22 Juni, alikuja hapa na ndoo yake kama kawaida. Aliporudi alikuwa na mfuko wa maziwa uliojaa vijiti. Akauweka kitandani juu ya miguu ya mumewe.

“Haya. Kumi na viwili. Nimehesabu.”

Marehemu aliangalia ndani ya mfuko. “Umekatia nini?”

“Kisu cha nyanya.”

“Juu ni wapi na chini ni wapi?”

“Nitajuaje mimi? Ni vijiti.”

Alicheka mpaka akakohoa, akalia, na wifi akalia, halafu wakafanya kazi. Alimfundisha akiwa amelala: chini ukate mshazari, juu ukate sawa, ili usije ukapanda kichwa chini miguu juu. Mchanga uoshwe. Mfuko wa plastiki ufunike, jua lisipige moja kwa moja. Vijiti viliingia kwenye kopo la rangi, likawekwa dirishani jikoni. Marehemu hakuweza tena kushika kalamu. “Andika wewe,” alisema. “Tumia penseli. Wino hufutika.” Wifi akaandika, “Mkaidi mwekundu. Umetoka kwa Mche. 22 Juni 2024,” akaiweka lebo mezani, ainuke kwenda kuangalia chungu. Marehemu akamshika kanga.

“Bandika kwanza.”

“Mzee, kopo liko moja tu.”

“Hata kama ni moja. Bandika sasa, kabla hujainuka.”

Alibandika.

Marehemu aliaga dunia Ijumaa, tarehe 23 Agosti 2024, saa nane na robo mchana, nyumbani, akiwa na miaka sabini na miwili. Vijiti vinane vilikuwa vimeshakauka na vitatu vimeoza. Asubuhi ile alikuwa ameulizia kile cha kumi na mbili, akaambiwa bado ni kibichi. Hakuambiwa kwamba kinaishi, kwa sababu hakuna anayejua. Mkuu wa kitalu alikuja kukitazama, akasema kijiti chaweza kubaki kibichi miezi kwa maji yake ya zamani huku hakina hata mzizi mmoja, na kisha kikafa. Namna ya kujua ni moja, kukichomoa, na kukichomoa ni kukiua. Juzi, msibani, wifi alikutwa amesimama mbele ya dirisha na vidole vimeshika kile kijiti. Msomaji huyu alimshika mkono akamwambia lile neno la mama, la maharage sita kwenye sufuria. Akakiachia.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na dada mmoja. Ameacha mti mmoja, ambao ndio wote tulio nao nchi nzima, na orodha ya maua yake ya miaka kumi na moja. Ameacha kijiti kimoja kwenye kopo la rangi, ambacho hatujui tukiandike upande wa waliobaki au upande wa waliotangulia.

Pumzika, kaka, hapo ulipotaka. Maji tutamwagilia sisi, na hatutachungulia.